Kambi ya RV Inajulikana Usiku

Tukifika kambini, kabla baba watoto hajazima injini, mimi nimeshashuka na kipima volti mkononi, naelekea kwenye nguzo ya umeme. Nafungua kifuniko, nachungulia soketi. Nikiiona imeungua pembeni, au plagi ikiingia inalegea na kuchezacheza, narudi ofisini kuomba nafasi nyingine kabla hatujateremsha hata kabari za magurudumu. Bwawa la kuogelea, bembea za watoto, duka la aiskrimu, hayo tutayaona baadaye. Nimelipia usiku mmoja, na usiku huo unaanzia kwenye ile nguzo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusafiri hivi: kambi ya RV huku Marekani ni kiwanja kilichogawanywa vipande, kila kipande na namba yake. Unakuja na RV, yaani nyumba yako ya magurudumu, iwe ni basi lenye vitanda au trela ya kuvuta, unaunganisha umeme, maji na maji taka, unapika, unalala, asubuhi unaondoka. Ziko zenye huduma zote tatu, ziko zenye umeme na maji tu, na ziko ambazo unapewa ardhi tupu. Sisi tunaishi Minnesota. Mimi ni muuguzi, mwenzangu ni dereva wa malori, na trela yetu ya mwaka 2012 tumeivuta majira matano ya kiangazi kuelekea magharibi kwa barabara ya I-90, tukikata South Dakota hadi Wyoming. Yeye anaendesha, mimi nachagua pa kulala.

Kambi mbaya kuliko zote tulizowahi kulala niliichagua kwa picha. Nyasi zilikuwa za kijani, bwawa la bluu, watoto wanacheka. Tulilipa dola 82. Ilikuwa Julai, joto limefika nyuzi 38, na tulipofika saa tisa alasiri kambi ilikuwa nusu tupu. Umeme ulisoma volti 118, nikaridhika. Kufika saa kumi na mbili jioni viwanja vyote vilikuwa vimejaa na kila trela imewasha kiyoyozi. Chetu kikaanza kuguna, kinawaka, kinakata, kinawaka tena. Taa zikafifia. Kipima volti kilisoma 101.

Nilikuwa sijui maana yake. Aliyetueleza ni mzee jirani, Mmarekani mstaafu, aliyekuja kugonga mlango bila hata kusalimia: zimeni hicho kiyoyozi sasa hivi. Umeme wa kawaida hapa ni volti 120. Ukipungua sana, mota ya kiyoyozi inajaribu kufanya kazi ileile kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, inapata moto na inaungua. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapoteza kimoja hivyo. Baba watoto alipozima swichi na kuchomoa waya wetu, jino moja la plagi lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia na plastiki kuizunguka imelainika kama nta. Ile harufu tuliyodhani ni ya trela ya jirani ilikuwa yetu.

Tangu siku hiyo ikishuka chini ya volti 105 nazima kiyoyozi, sibishani. Tulinunua pia kifaa cha kulinda umeme, kile kinachochomekwa kati ya nguzo na waya wa trela na kukata chenyewe volti zikipanda au zikishuka kupita kiasi. Si cha bei ndogo, lakini kiyoyozi kipya ni ghali kuliko hicho. Na kama bado huna, jifunze hesabu hii: soketi ya ampea 30 inakupa wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi kimoja na birika la umeme vikiwaka pamoja vinakula karibu wati 3,000. Ukiongeza maikrowevu, swichi inakatika. Soketi ya ampea 50 inakupa wati 12,000, ndiyo maana magari makubwa huitafuta hiyo. Chai tunachemsha kwa gesi.

Usiku huohuo, saa nane, ikaja treni. Reli ilikuwa nyuma ya ukuta wa miti, sikuwa nimeiona. Sheria ya Marekani inamtaka dereva wa treni apige honi anapokaribia makutano ya reli na barabara: ndefu mbili, fupi moja, kisha ndefu nyingine. Pale palikuwa na makutano mawili yanayofuatana, kwa hiyo kila treni ilipiga mara mbili, na treni zilipita nne. Mtoto wetu mdogo alilia mpaka alfajiri.

Hili unaweza kuliepuka ukiwa bado sebuleni kwako. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, tafuta kambi, kisha sogeza kidole pole pole kuizunguka. Reli inaonekana kama uzi mweusi. Usiishie kuangalia umbali wake, hesabu na mahali inapokatana na barabara, kwa sababu honi zinalia hapo. Angalia pia barabara kuu iko upande gani na kama ina mteremko, maana malori yakishuka kwa breki ya injini yanakoroma kiasi cha kutikisa vikombe. Picha ya setilaiti itakuonyesha na jambo ambalo matangazo hayaonyeshi: trela zimepangwa kwa nafasi, au zimebanana ubavu kwa ubavu kiasi kwamba mlango wako unafungukia kwenye bomba la choo la jirani.

Kwa bomba hilo la choo naomba mnivumilie, kazi yangu imenifundisha kutoona haya kuyasema haya. Kambi inayojali afya za watu huweka mdomo wa bomba la maji taka chini kidogo kuliko tundu la trela, umezungushiwa saruji, na una kifuniko cha kukaza. Na bomba la maji ya kunywa liko mbali nao. Kambi mbovu nimekuta mdomo umechomoza juu ya ardhi kwa kimo cha goti, kwa hiyo uchafu unatakiwa upande mlima, na koki ya maji safi iko hatua moja kutoka hapo. Nikiona hivyo siunganishi. Natumia matangi ya trela, kesho yake tunamwaga kwenye kituo cha umma cha kumwagia maji taka. Vaa glovu kila mara, na mpira unaoshea uchafu usiguse kabisa koki ya maji ya kunywa. Wengi wetu wageni tukipata nafasi yenye bomba tunaunganisha na kuacha koki ya tangi la choo wazi usiku kucha. Usifanye hivyo. Maji yatatangulia na kinyesi kitabaki kimekauka ndani. Ifunge mpaka tangi lifike angalau theluthi mbili, fungua la choo kwanza, kisha la maji ya kuogea na vyombo lifuate kusafisha mpira.

Maji safi nayaacha yatiririke dakika mbili tatu kabla ya kuunganisha chochote, na nayanusa. Sehemu za visima maji hutoka na harufu ya yai viza, na hata tangawizi na iliki haziwezi kuificha kwenye chai. Funga kipunguza presha kwenye koki, kwa sababu mabomba ya trela hupenda presha ya psi 40 hadi 60 na baadhi ya kambi hutoa zaidi ya hapo. Tulipokuwa hatujui, kiungio kimoja chini ya sinki kilifyatuka tukiwa tumetoka kutembea.

Simu ndiyo kifaa changu kikubwa kuliko vyote. Sikodishi nafasi kwa kubofya tu, napiga. Nauliza: nafasi mtakayonipa ni namba ngapi, ina ampea ngapi? Ni ya kuingia na kutoka moja kwa moja au ya kuingia kwa kurudi nyuma? Ardhi ni tambarare? Hilo la mwisho lina sababu, maana friji za gesi za trela hizi zinataka kukaa sawasawa, zikiegama sana hazipozi na zinaweza kuharibika. Baba watoto ana pima maji ya fundi ujenzi, anaiweka sakafuni kila tunapofika. Nauliza pia kama wanapokea trela ya mwaka 2012, kwa sababu ziko kambi zinazokataa gari lililozidi miaka 10, na nyingine huomba picha. Ni afadhali kukataliwa kwenye simu kuliko kukataliwa getini saa mbili usiku na watoto wamelala.

Lakini majibu ni nusu ya ninachokitafuta. Nusu nyingine ni namna yanavyotolewa. Mtu anayeijua kambi yake atakwambia bila kusita, “Hiyo namba 9 ina mti upande wa magharibi, jioni mtapata kivuli, ila kuwa mwangalifu na tawi wakati wa kurudi nyuma.” Anayekwambia “zote ni sawa” hajawahi kuzizungukia kwa miguu.

Miaka miwili iliyopita tuliingia kambi ndogo ya mji mdogo huko South Dakota. Miji mingi ya tambarare zile ina bustani ya halmashauri yenye soketi chache za trela. Hakuna ofisi. Unachukua bahasha kwenye kisanduku, unaandika namba yako, unatia pesa, unatumbukiza. Tulilipa dola 20. Choo kilikuwa kimoja, kimepigwa deki, kina sabuni na karatasi. Soketi zilikuwa mpya. Jioni alipita mama mmoja mtu mzima kwenye gari dogo la gofu, akasimama kwetu, akanyoosha kidole kwenye jengo la choo lililojengwa kwa tofali za saruji na kusema, “Mkisikia king’ora, kimbilieni mle, mlango haufungwi.” Kisha akatutajia jina la kaunti.

Hilo la kaunti lilinigusa kwa sababu ni mtu wa kwanza kulifikiria kwa niaba yetu. Tahadhari za tornado, zile tufani za upepo unaozunguka za tambarare, hutangazwa kwa majina ya kaunti. Mgeni aliyetoka mbali anaweza kusikia redio ikitaja kaunti ileile aliyolala na asijue ni yeye anayeambiwa. Trela si mahali pa kujificha upepo ule ukija. Sasa kila tunapofika naandika jina la kaunti kwenye karatasi na kulibandika mlangoni, na natembea na watoto mpaka kwenye jengo la kukimbilia, ili miguu yao iijue njia gizani.

Kwa wanaokwenda Yellowstone, panga mapema sana. Kambi nyingi za hifadhi za taifa hazina umeme kwenye nafasi, na ndani ya Yellowstone yenye umeme, maji na maji taka ni Fishing Bridge peke yake, karibu na pale mto unapotoka ziwani. Mahema hayaruhusiwi pale, wala trela zenye kuta za turubai, kwa sababu ni eneo la dubu. Sufuria haiachwi nje hata kama ni safi. Usiku wa pale ni baridi hata Julai, tuko juu zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo beba mablanketi. Ukikosa nafasi, kambi za majimbo na zile za US Army Corps of Engineers, wahandisi wa jeshi la Marekani, kandokando ya mabwawa zimetulaza vizuri mara nyingi, kwa bei ambayo ni nusu ya kambi za kando ya barabara kuu.

Kuna ushauri mmoja nausikia sana ambao siukubali: kwamba kambi yenye wakazi wa mwezi hadi mwezi ni mbaya, uikimbie. Wauguzi wenzangu wa mikataba huishi kwenye kambi hizo, na mafundi wa mitambo ya upepo, na wajenzi wa barabara. Wanalala mapema kwa sababu wana zamu. Nikiona trela zao zimefagiliwa mbele, wamepanda na maua kwenye ndoo, najua mwenye kambi anawaheshimu na wao wanaijali, na hapo nalala bila wasiwasi. Ninachokimbia ni taka zilizofurika, mbwa asiye na mwenyewe, na ofisi isiyo na namba ya simu ya usiku.

Kila asubuhi, baba watoto akizunguka trela kuangalia kama hatujasahau mpira au waya, mimi naandika kwenye daftari. Simu inapotea, daftari linabaki kwenye droo ya vijiko. Ukurasa wa ile kambi ya bahasha unasomeka hivi: “Nafasi namba 3. Volti 119 saa tisa, 117 saa moja usiku. Maji hayana harufu. Kivuli kuanzia saa kumi. Reli hakuna. Choo cha tofali, hatua 60. Watoto wamelala mpaka saa mbili asubuhi.”