Barua kwa mwanangu: siku moja Castleton

Mwanangu Mwanaidi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mambo mawili: mkija huku Sheffield wiki ya likizo ya shule, mwisho wa Mei, mkabaki na siku moja tu ya kutoka nje ya mji na watoto, je, kijiji cha Castleton kinatosha? Na je, mlipie mapango yote manne mliyoyaona kwenye matangazo? La kwanza, kinatosha na kuzidi. La pili, hapana. Lipieni pango moja na ngome. Mambo makubwa zaidi ya pale hayana kiingilio, yanataka miguu na viatu vizuri tu, na anayekimbilia mapango manne hurudi amechoka kwa foleni bila kuiona nchi yenyewe.

Kabla ya safari waelezeni watoto kwa nini kijiji kipo pale kilipo, kwa sababu wakilishika hilo watakuwa wanaonyeshana vitu wenyewe siku nzima. Castleton imekaa mahali ambapo miamba ya aina mbili inakutana. Upande wa kusini ni chokaa, iliyojengeka miaka kama milioni 330 iliyopita, wakati ardhi hii ilikuwa karibu na ikweta chini ya bahari ya joto. Upande wa kaskazini ni mwamba wa tope na wa mchanga, ulioletwa baadaye na mito mikubwa ukaifunika chokaa. Mapango ya Amboni wanayajua, basi waambie kazi ni ile ile: maji ya mvua hubeba asidi kidogo kutoka hewani na udongoni, hupenya kwenye nyufa, huyeyusha chokaa taratibu mpaka ufa unakuwa pango. Mwamba wa tope haupitishi maji. Kwa hiyo vijito vinavyoshuka kutoka mgongo wa mlima uitwao Rushup Edge, magharibi ya kijiji, hutiririka juu ya ardhi hadi vinapoigusa chokaa, kisha vinazama na kupotea. Maji yake huja kutokea kijijini, mengine kwenye chemchemi iitwayo Russet Well, hatua chache kutoka kwenye mdomo wa pango kubwa.

Sasa njia. Wageni wengi huja na gari hadi Castleton kwenyewe, na wiki ya likizo maegesho hujaa mapema, magari yakapangana kandokando ya barabara nyembamba. Nyinyi pandeni treni ya Hope Valley kutoka Sheffield na mshuke Edale, kijiji kilicho ng'ambo ya mlima kutoka Castleton, nusu saa hivi. Muwe waangalifu: treni za haraka za kwenda Manchester hupita njia hiyo hiyo bila kusimama Edale. Inayotakiwa ni ile ya kusimama vituo vidogo, ambayo kwa kawaida hupita kama mara moja kwa saa. Nunueni tiketi ya kwenda na kurudi Edale, ingawa jioni mtapandia Hope. Hope ipo njiani, karibu zaidi na Sheffield. Mwambieni muuza tiketi mpango wenu ahakikishe tiketi anayowapa inaruhusu hivyo.

Kutoka kituoni shukeni hadi barabara ya bondeni, kisha mfuate njia ya shamba inayopanda kusini yenye kibao cha Hollins Cross, mahali pa kuvukia mgongo wa mlima. Ni kama kilomita mbili na nusu, mwishoni pana mwinuko wa kweli. Njia hii ni ya kale: kabla Edale haijapata kanisa lake, watu walibeba majeneza juu ya mgongo huu kwenda kuzika Castleton. Mageti mtakayokuta wazi yaacheni wazi, na yaliyofungwa yafungeni nyuma yenu. Mwezi wa Mei wana-kondoo bado wadogo, na geti lililoachwa vibaya humtenganisha mama na mwanawe.

Hapo juu geukeni kulia, kuelekea mlima wa Mam Tor. Njia imetandikwa mabamba ya mawe kwa sababu miguu ya wageni ilikuwa inakula udongo mpaka mlima ukafanya makorongo. Tembeeni juu ya mabamba hata kama majani ya pembeni yanaonekana laini zaidi. Kilele kina mita 517. Mtu wa nyumbani akisikia namba hiyo hucheka, akavaa ndala. Tatizo la mahali hapa ni upepo: asubuhi ya jua bondeni inaweza kuwa baridi kali juu, na mvua huja ndani ya robo saa. Kila mtu awe na koti la mvua lenye kofia, sweta, na viatu vyenye soli ya meno. Suruali za jinzi ziacheni nyumbani, zikilowa hubaki na maji siku nzima na kumpoza mtoto.

Mkikaribia kilele mtavuka tuta refu lenye mtaro. Hilo ni boma la watu wa kale, mahali palipokaliwa tangu miaka elfu moja na zaidi kabla ya Kristo, na ndani yake kuna alama za nyumba zaidi ya mia moja, vijukwaa vidogo vilivyochongwa kwenye mteremko. Vinaonekana vizuri jua likiwa chini. Saa sita mchana ni majani matupu. Kutoka kileleni mtaona pia kiwanda cha saruji cha Hope, kusini-mashariki, chenye bomba refu. Wapo wanaokichukia kwa kuharibu mandhari. Mimi nasema kitazameni vizuri, kwa sababu saruji hutaka chokaa na mwamba wa tope kwa pamoja, na kiwanda kilianza mwaka 1929 hapo hapo miamba hiyo inapokutana. Watoto wamezoea kuona saruji ikitoka Pongwe, wataelewa mara moja.

Shukeni kwa ngazi za upande wa kusini-magharibi hadi barabarani, mvuke, mfuate njia ya kuelekea Blue John Cavern. Mbele kidogo ya pango hilo kuna kitu ambacho kwangu mimi ni bora kuliko pango lolote: barabara iliyokufa. Ilipitishwa kwenye ubavu wa Mam Tor mwanzoni mwa karne ya 19, na mlima ukawa unaivunja kila baada ya miaka. Mafundi wakairekebisha tena na tena hadi mwaka 1979 ilipofungwa moja kwa moja. Sababu mnaijua tayari: juu kuna mwamba wa mchanga mzito, chini kuna mwamba wa tope dhaifu. Maji yakiingia baada ya majira ya baridi yenye mvua nyingi, tope huteleza na kubeba kila kitu. Tena ndani ya tope lile mna madini ya chuma na kiberiti ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, inayozidi kuulegeza mwamba. Leo lami imepasuka vipande vipande, na kwenye kingo utahesabu matabaka ya lami ya matengenezo mbalimbali, moja juu ya jingine. Mnaruhusiwa kutembea juu yake. Msiwaache watoto wasimame ukingoni mwa mipasuko, wala msiwapeleke chini ya ukuta wa mlima ulioporomoka, mawe bado yanaanguka.

Mwisho wa barabara hiyo kuna Odin Mine, mgodi wa kale sana wa madini ya risasi (lead). Kando yake limebaki gurudumu la jiwe na reli ya chuma ya mviringo, vya mwaka 1823: farasi alizunguka akilivuta, gurudumu likasaga mawe ya madini. Msiingie kwenye mianya ya mgodi. Na kwa kuwa udongo wa hapo bado una madini hayo, ambayo ni sumu, watoto wanawe mikono kabla ya kula. Chakula pakieni nyumbani, maana migahawa ya kijijini ni midogo, saa saba hujaa, na nyama yake hamjui imechinjwaje. Adhuhuri mnaweza kuiswali popote kwenye majani, kibla ni kusini-mashariki. Maghribi isiwape haraka, mwisho wa Mei jua huzama baada ya saa tatu usiku.

Kuhusu pango la kuchagua: kama watoto wamechoka, chagueni Peak Cavern, lililo kijijini kwenyewe. Mdomo wake ni mkubwa kuliko wa pango lolote la asili Uingereza, na kwa karne kadhaa wasokota kamba waliishi na kufanya kazi humo, wakiwa na nyumba zao chini ya paa la jiwe. Unyevu ulifaa nyuzi za kamba zisikauke na kukatika. Moshi wao bado umeweka weusi juu. Humo ndani mtaonyeshwa kamba inavyosokotwa, na watu wa Tanga watakuwa na maswali mengi kuliko wageni wote. Kuna sehemu moja ya kuinama sana, baba yao na urefu wake ajitayarishe. Joto ni nyuzi 9 hivi mwaka mzima, sweta ivaliwe hata kama nje kuna jua. Mvua kubwa ikinyesha maji hupanda na sehemu za ndani hufungwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Wenye hamu ya mawe ya rangi wachague Blue John Cavern au Treak Cliff Cavern, ambako bado linachimbwa kwa uchache jiwe la Blue John, lenye mistari ya zambarau na manjano. Linatoka kwenye kilima kimoja tu, cha Treak Cliff. Blue John Cavern ina ngazi zaidi ya mia mbili, na mtakaoshuka ndio mtakaopanda. Mkitaka kununua pete, mwulizeni muuzaji jiwe lilitoka pango gani na mshipa gani. Muuzaji wa kweli hujibu bila kusita. Halafu pete hiyo isivaliwe wakati wa kuosha vyombo: jiwe ni laini, kisu hulichora, na likianguka sakafuni hupasuka.

Ngome ya Peveril iwekeni alasiri. Njia yake ni ya mwinuko mkali wa kupinda-pinda, nendeni polepole. William Peverel aliianza baada ya Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa nchi, na imo kwenye kitabu cha hesabu ya mali cha mwaka 1086. Mnara mnaouona ni wa Mfalme Henry wa Pili, mwaka 1176. Angalieni kuta zake: kiini ni chokaa isiyochongwa, ya hapo hapo kilimani. Nje ulivikwa mwamba wa mchanga uliochongwa kwa ustadi, ambao ulibebwa kutoka mbali kidogo. Chini kuta zimebaki tupu kwa sababu watu walikuja kuyang'oa mawe yale mazuri wakajengee kwao. Watoto watapenda zaidi choo cha mfalme, kilichotokeza nje ya ukuta juu ya genge. Kutoka juu mtaona bonde jembamba la Cavedale chini yenu. Kuna njia ya kupita humo, lakini mawe yake yamesuguliwa na miguu mpaka yanang'aa, na yakilowa hata mtu mzima huteleza. Pakiwa na mvua liacheni.

Mkiweza, siku yenu iwe tarehe 29 Mei, Garland Day. Ni ukumbusho wa Mfalme Charles wa Pili kurudi kwenye kiti chake mwaka 1660. Jioni mtu huzunguka kijiji juu ya farasi akiwa amefunikwa maua mpaka kiunoni, bendi na watoto wachezaji nyuma yake, na mwisho maua hayo huvutwa kwa kamba hadi juu ya mnara wa kanisa la St Edmund. Ikiangukia Jumapili hufanywa Jumamosi, tarehe 28. Siku hiyo anzeni safari kwa kuchelewa kidogo, barabara za kijiji hufungwa jioni na mabasi huvurugika.

Kurudi kituo cha Hope ni kama kilomita nne, njia tambarare kando ya kijito cha Peakshole Water, saa moja na zaidi kwa miguu ya watoto. Mtavuka reli ya kiwanda cha saruji, simameni na mtazame pande zote. Mkichoka kuna basi la kurudi Sheffield, namba 271 na 272, lakini ratiba ya jioni na ya Jumapili ni finyu, iangalieni usiku wa kuamkia safari na muipige picha, kwa sababu huko bondeni mtandao wa simu hupotea. Ramani ya karatasi ni OL1 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku. Ikitokea ajali mlimani, piga 999, omba polisi, kisha waambie mnahitaji uokoaji wa mlimani. Waokoaji ni wa kujitolea na hawatozi.

Usiku mkagueni kila mtoto nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele, kwa sababu ya kupe. Akipatikana, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumminya. Pakitokea baka jekundu linalopanuka siku au wiki zinazofuata, mpeleke kwa daktari bila kungoja, umwambie mlitembea wapi.

Nitumie saizi za miguu ya watoto mapema, viatu vya kupandia mlima vya kuazima vinapatikana huku.

Mama yako