Jibu: Klampu inachomoka kwenye gego

Mwenzangu, umeuliza kwa nini klampu (kibanio cha chuma kinachoshika jino) inaruka kila ukivuta mpira, yaani ule utando wa mpira (rubber dam) unaotenga jino wakati wa matibabu, juu ya gego. Mara nyingi kosa si la mpira. Tazama ncha za klampu: zote 4 ziguse jino, chini ya sehemu iliyotuna, karibu na ufizi. Zikigusa 3 tu, itachezacheza mpaka itoke. Kwa gego ambalo halijaota lote, jaribu klampu ya namba 14A. Ncha zake zimeinama kuelekea ufizi. Ganzi ya ufizi usiisahau.

Na tafadhali sana, pitisha uzi wa meno kwenye matundu yote 2 ya klampu kabla haijaingia mdomoni, hata ukiwa na haraka. Ikivunjika, vipande vyote utavivuta kabla mgonjwa hajavimeza au kuvivuta kwenye njia ya hewa.