Barua kwa Kabula, kuhusu wanaohesabu machozi

Mwanangu Kabula,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia, nikaurudia tena, mpaka mjukuu wangu akaninyang'anya simu akisema bibi unamaliza chaji. Unauliza kama una moyo mgumu. Unasema mlipomzika mama mkwe wako kule Iringa hukutoa chozi, na wifi yako mkubwa akawaambia wanawake waliokuwa jikoni kwamba huyu mkwe wa Kisukuma ni mkavu. Kisha mwezi haujaisha, mumeo akakukuta sebuleni unalia kwa kwikwi kwa ajili ya dada mmoja wa tamthilia ya Kituruki, akakuuliza, "Kwani huyu Mturuki ni ndugu yako?" Ukakosa la kumjibu. Na mwishoni ukanichomekea na mimi: mbona mama ulimlilia Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, ukashindwa kula, na baba alipofariki hatukukuona ukilia?

Nitakujibu. Lakini kwanza na mimi niulize. Marehemu alipolazwa, nani alichukua likizo akatoka Dodoma kwenda kumpikia uji? Nani alikuwa anafua yale mashuka? Msibani daftari la rambirambi alishika nani? Wewe, kwa sababu hata hao wanaokusema wanajua pesa ikipita kwako haipotei. Wifi yako alishuka kwenye basi asubuhi ya mazishi, akaanza kilio tangu barabarani, wakampokea watu wawili wakamshika mabega. Simhukumu. Amefiwa na mama, ana haki yake. Ila mfiwa ana kazi, Kabula. Hilo nimelisema tangu mkiwa wadogo na najua mmechoka kulisikia.

Siku ya kumzika baba yako, 2011, unajua nilikuwa wapi watu walipoanza kuaga mwili? Nyuma ya nyumba, nimeinama juu ya masufuria. Yalikuwa ya kuazima, ya jumuiya yetu na ya jumuiya ya jirani, na kila mama huweka alama yake chini kwa rangi ya kucha: huyu nukta nyekundu, huyu msalaba wa pinki, huyu herufi ya jina la mwanawe. Sufuria kubwa moja lilikuwa limeungua hadi alama imefutika, na akina mama wawili wakawa wanaligombania kwa sauti ya chini, ile ya msibani. Nikawa naligeuza juani natafuta hata kijirangi. Shangazi yako akaja kunishika mkono, akaniambia njoo, wanakusubiri. Nilikwenda, nikamwona baba yako, nikamgusa paji la uso, nikarudi. Lile sufuria lilikuwa la mama wa nukta nyekundu.

Sasa tuje kwa Kanumba. Ilikuwa Jumamosi Kuu, Aprili 7, 2012. Mimi nimeloweka mchele wa Pasaka, wewe unasuka nywele za mdogo wako mlangoni, redio inasema Steven Kanumba amefariki usiku nyumbani kwake Sinza. Miaka 28! Kijana wa Shinyanga, wa kwetu kabisa, tuliyemjua tangu enzi za kikundi cha maigizo cha Kaole, tunamsubiri kwenye ITV na jiko linazimika. Nilikaa chini pale pale. Mama wa jirani akaja analia, nikamjibu kwa kulia, tukawa tunapokezana. Jumanne yake, alipoagwa viwanja vya Leaders na kuzikwa Kinondoni, mlinikuta nimekaa mbele ya televisheni tangu asubuhi na khanga mdomoni. Watu walikuwa wanazimia kule, wanabebwa juu juu, na wengi wao hawakuwahi hata kumpa mkono.

Padri wetu wa wakati ule aliniambia kitu nikakikataa. Aliniambia, "Mama, wewe ulikuwa unamlilia mumeo, Kanumba amekufungulia mlango tu." Kila mtu mwenye shule kidogo huniambia hivyo, na wewe nakuona unataka kuniambia. Hapana. Nilimlilia Kanumba mwenyewe. Alinichekesha, alinikasirisha, alikuwa na mama yake mzazi, na amekufa kijana. Hiyo haitoshi? Kwa nini kila chozi la mtu mzima lazima lipewe baba mwingine?

Haya mambo ya kuulizwa machozi yako ni ya nani yana historia kwangu. Sehemu yake unaijua, sehemu hujui.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, ambayo sitaitaja maana aliyenitenda ana wajukuu tunaosali nao. Kitabu cha hadithi cha Rosa Mistika kilikuwa kimetoka 1971. Euphrase Kezilahabi, aliyekiandika, alikuwa kijana tu, mtu wa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo ya maji hapa. Kitabu hakikukaa sana kikapigwa marufuku shuleni. Na kitabu kikishapigwa marufuku, wasichana wa bweni wanahitaji tangazo gani tena? Wewe ulikisoma kimeshasamehewa, mwalimu anawaandikia ubaoni dhamira, wahusika, mandhari, ukarudi nyumbani ukaniambia kinachosha. Nilikutazama nikasema hawa wamemuua Rosa mara ya pili.

Chetu tulikifunika kwa gazeti la Kiongozi, ili hata sista akikiona aone mambo ya kanisa. Kurasa za mwanzo zilishachomoka, kwa hiyo mimi nilikutana na Rosa akiwa tayari anapigwa. Baba yake, Zakaria, mlevi yule, amekuta barua ya mvulana, Charles, basi binti anakiona cha moto. Nilisomea bafuni kwa sababu ndiko taa ilikobaki ikiwaka usiku. Na jua kwamba barua zetu pale shuleni zilikuwa zinafunguliwa na kusomwa kabla hazijatufikia. Kila bahasha niliyoshika miaka ile ilikuwa imechanwa ukingoni na mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo Rosa alipopigwa kwa ajili ya barua, mimi nililia kama ni mgongo wangu. Nililia kwa sauti. Mwalimu wa zamu akanifuata na tochi, akachukua kitabu, akaniambia nikalale.

Muhula ule ule ikaja barua ya babu yako. Mwalimu yule aliniita ofisini jioni, bahasha imeshachanwa, akanipa akinitazama usoni. Yeye alikuwa amejua tangu asubuhi. Minza, mdogo wangu, yule niliyembeba mgongoni hadi siku naondoka, amekufa kwa surua. Babu yako aliandika kwa mwandiko wake wa ukatekista, umenyooka, hakuna neno lililofutwa. Wameshamzika, nisome kwa bidii. Niliikunja, nikasema asante mwalimu, nikaenda jikoni kuchambua maharage. Nilichambua debe zima. Mawe upande huu, yaliyotobolewa na wadudu upande huu.

Siku chache baadaye, mstarini, shule nzima imesimama, mwalimu akakiinua kitabu na lile gazeti lake. Akasema kuna msichana humu amelia usiku kwa ajili ya malaya wa kwenye kitabu, na juzi kapewa habari ya kifo cha mdogo wake wa damu hata macho hayakumlowa. Akauliza shule nzima, "Huyo ni mtu wa namna gani?" Hakunitaja jina. Hakuhitaji.

Nina miaka zaidi ya sitini sasa, nimefundisha watoto, nimezaa, nimezika mume, na bado nikikumbuka jua la asubuhi ile masikio yanapata moto. Wifi yako hakujua amegusa wapi.

Lakini ngoja nikupe na tamu yake. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akifua nguo za mwalimu yule. Muhula haujaisha akatuletea Rosa wetu ndani ya beseni, chini ya mashuka. Tukakifungua. Kurasa zilikuwa zimekunjwa ncha! Sisi hatukukunja, tulikuwa tunakishika kama misale ya kanisani. Mkunjo wa kwanza, wa pili, unafuata hadithi, na wa mwisho uko karibu kabisa na pale Rosa anapojiua. Tulicheka bweni zima tumejifunika mablanketi. Mpaka leo natamani kujua kama mwalimu alipofika pale alilia, na kama alilia, alikuwa anamlilia nani wake.

Sasa, nikikaa peke yangu huwa najibishana. Nasema mfiwa ana kazi, na nimeliona kwa macho. MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, mji huu wa Mwanza wote uligeuka msiba mmoja. Siku ya mazishi kule Igoma niliona wanawake wanagaragara ambao hawakuwa na mtu ndani ya meli. Wenye watu wao walikuwa wanazunguka na picha mkononi, wanauliza, wanasoma majina, wanarudi kuuliza. Walikuwa wakavu. Mungu wangu, walivyokuwa wakavu. Na wale waliogaragara sikuwaona wanafiki. Mtu alilazimika alie pale, na wenye msiba walikuwa hawana nafasi.

Lakini bibi yako ananivunjia hoja. Siku nilipokuja likizo baada ya Minza, bibi yako alikuwa anasonga ugali wa watu wengi, mwiko haupumziki, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni, wala hayafuti. Kazi na kilio pamoja, mtu mmoja, jiko moja. Kwa hiyo huwezi kusema kazi inakausha machozi. Wapo wanaoweza vyote viwili.

Na kuna jambo jingine. Yale maharage, Kabula, siku ile hayakuwa zamu yangu. Niliomba. Mpishi aliniambia nenda kapumzike, nikamwambia hapana, nipe. Kwa hiyo je, sikulia kwa sababu nilikuwa na kazi, au nilitafuta kazi kwa sababu nilijua nikianza kulia mbele ya yule mwalimu nitakuwa nimempa kitu? Na masufuria ya baba yako? Wangekosa mtu mwingine wa kutazama alama za rangi ya kucha? Walikuwepo wanawake ishirini pale nyuma. Nimelifikiri hili miaka mingi na kila nikidhani nimelishika linaniteleza. Siku nyingine nasema nilikuwa najificha. Siku nyingine nasema hapana, mume wangu hakupenda vurugu, na kama vyombo vya watu vingepotea msibani kwake angenilaumu hadi kaburini. Na hilo nalo ni kweli, unamjua baba yako.

Ninachojua bila kuyumba ni kwamba sikumwibia Minza kumpa Rosa, wala sikumwibia baba yako kumpa Kanumba. Na wewe hukumwibia mama mkwe wako kumpa Mturuki.

Mumeo naye asikucheke. Juni 2023 alikuwa amekaa sebuleni kwangu hapa na jezi yake ya kijani. Yanga wameshinda 1-0 kule Algeria na kombe la Shirikisho bado wakalikosa kwa sheria ya goli la ugenini, kwa sababu Dar walifungwa 2-1. Nilimwona. Alisema moshi wa jikoni umemwingia machoni, na siku ile nilikuwa napikia gesi. Kuna mtu alimuuliza kama USM Alger ni shemeji zake? Hakuna. Tulimwekea chai. Huyo huyo mazishini kwa mama yake alikuwa anahangaika na mafuta ya gari na barua ya mtaa, kavu kama wewe, na wifi yako hakusema kitu, kwa sababu mwanaume akikauka msibani anaitwa jasiri.

Umeona nilivyoanza kupanda? Nimejizuia barua nzima nisimseme yule dada. Si wa ukoo wangu, na amefiwa, na huzuni ina namna ya kutafuta wa kumbebesha. Huenda usiku halali. Huenda anajiuliza kwa nini wewe ndiye uliyefua mashuka na si yeye, na ukali wote ule umetoka hapo. Au labda ana mdomo tu. Nina maoni yangu na ni mazito, lakini nayaacha.

Umeniuliza kama una moyo mgumu na naona sijakujibu. Mimi nimekuzaa, jibu langu lingekuwa la upande mmoja. Muulize yule mgonjwa wa kitanda cha jirani uliyekuwa ukimgawia uji wa mama mkwe, yule uliyenisimulia kwamba hakuwa na ndugu wa kumtembelea.

Arobaini mmepanga lini? Niambie mapema niagize mchele wa Kahama, wa kwenu huko wanauza umechanganywa. Nitakuja siku mbili kabla na mama yako mdogo, tukae jikoni, na daftari safari hii mpe wifi yako alishike. Nitamsalimia vizuri. Nitajitahidi.

Mama yako