Maswali ya Wasomaji: Mfarishi wa Viraka

SWALI: Nilishona mfarishi wa vipande vya kitenge, ndani nikajaza sufi. Ulipofuliwa mara ya kwanza tu ulikunjamana, sufi ikajikusanya pembeni, na wekundu ukaingia kwenye weupe. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo lilianza kabla sindano haijagusa kitambaa. Kitenge cha pamba tupu hurudi kikikutana na maji. Chenye poliesta hakirudi. Ukivishona pamoja, kimoja kinavuta na kingine kinabaki vilevile, ndipo mikunjo inapotokea. Fua kila kipande kabla ya kukata, kisha piga pasi. Vyekundu na vya buluu iliyokoza vijaribu kwanza: lowesha, kandamiza juu ya kitambaa cheupe. Vikiacha doa, fua tena. Vikiendelea kuchuja, viweke kando.

Sufi iachie mito. Nyuzi zake zinateleza, hazishikani, kwa hiyo hazitulii ndani ya kitu kipana kinachofuliwa. Blanketi jepesi kuukuu linafaa zaidi. Hata hilo lishikilie kwa mistari ya mshono isiyoachana zaidi ya sentimita 10, na uanzie katikati ukienda pembeni. Mguu wa cherehani husukuma kitambaa cha juu mbele. Ukianzia pembeni, ulegevu wote unanaswa katikati na hauna pa kutokea.

SWALI: Kitanda changu ni futi 4 kwa 6. Ninunue kitenge kiasi gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kata miraba 168 ya sentimita 16.5, upana 12 na urefu 14. Ukishona sentimita 0.75 kutoka ukingoni, utapata mfarishi wa sentimita 180 kwa 210, unaoning'inia vizuri. Kwa kitenge cha upana wa sentimita 115, juu ni mita 5, chini mita 4, na nusu mita ya utepe wa pindo. Linda sana ile 0.75: ukizidisha milimita 1 kila upande wa mshono, safu ya miraba 12 inapungua zaidi ya sentimita 2, na safu hazitakutana.

SWALI: Ni kweli kuna watu wa asili ya Afrika huko India wanaoshona mifarishi kwa mkono?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kweli. Ni Wasiddi wa Karnataka, ambao wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wakiwa watumwa. Mfarishi wao huitwa kawandi, na wao huanzia pembeni! Mshonaji hutandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, huanza kwenye kona, hukunja ukingo wa kila kiraka na kukipiga bandi, yaani mshono wa sindano kuzama na kuibuka, akizunguka hadi katikati. Inawezekana kwa sababu kila kiraka huwekwa na kushonwa papo hapo, na mkono hausukumi kitambaa kama cherehani. Kona nne humaliziwa kwa vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua.