Kuchukua kipande cha mabaki ya B-29 ya Bleaklow

Je, unaweza kuondoka na kipande cha B-29, ndege ya kijeshi ya Wamarekani iliyoanguka kwenye mlima wa Bleaklow, Uingereza? Hapana, hairuhusiwi, hata kama kipande chenyewe ni kidogo na kimelala wazi juu ya majani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi inahusu kila ndege iliyoanguka nchini humo ikiwa katika utumishi wa kijeshi, iwe ya Waingereza wenyewe, ya Wamarekani kama hii, au ya Wajerumani, na ni kosa kuharibu, kuhamisha au kufukua chochote bila leseni ya Wizara ya Ulinzi. Kutazama na kupiga picha hakuna tatizo.

Kumbuka pia kwamba watu wote 13 waliokuwamo walifariki ndege ilipogonga mlima tarehe 3 Novemba 1948, katika safari fupi tu ya kutoka kambi ya ndege za kijeshi ya Scampton kwenda ile ya Burtonwood, zote za Uingereza. Ndiyo maana, katikati ya injini na mabati yaliyosambaa kwenye udongo mweusi wenye majimaji, utakuta misalaba midogo ya mbao iliyoachwa na wageni. Leseni ya kuchimba nayo, kwa kawaida, haitolewi panapodhaniwa kuwa bado pana mabaki ya binadamu au risasi na mabomu ambayo hayajalipuka.