Mkuu, usiandike gracilis eti kwa sababu haina shina

Subiri kwanza mkuu. Umeuliza utazitofautishaje spishi za Xanthorrhoea, ile mimea ya Australia yenye kichaka cha majani kama nyasi, kwenye milima ya Darling, hapo nje ya Perth, halafu mwishoni ukapenyeza kwamba Jumamosi kila utakayoikuta haina shina utaiandika kuwa ni spishi ya gracilis. USITHUBUTU.

Maneno hayohayo alitupa kiongozi wa kikundi chetu cha kujitolea: "Yenye shina ni preissii, isiyo na shina ni gracilis, twende kazi." Tukazunguka msitu wa mijarrah (aina ya mikaratusi) msimu mzima, GPS mkononi, fomu zimejazwa vizuri kabisa. Kazi ilipomfikia mtaalamu wa mimea, akauliza swali moja tu: mashuke yake ya maua mliyaona? Kimya. Rekodi zote za gracilis zikafutwa, na hakukuwa na cha kuokoa maana picha zilikuwa za majani matupu. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Yule bwana alikuwa na kitabu cha mimea ndani ya begi lake siku zote hizo na hakukifungua! Kama shina ndilo kipimo, basi mtoto wa twiga ni swala.

Preissii changa hukaa miaka mingi shina likiwa bado chini ya udongo. Hata likishatokeza, linapanda kama sentimita moja au mbili tu kwa mwaka. Kwa hiyo hicho kichaka cha majani kilichokaa chini kinaweza kuwa chochote.

Tazama shuke. Gracilis ina bua jembamba na refu, na shuke fupi huko juu kabisa. Preissii shuke lenyewe ndilo refu, nene, na mara nyingi linalizidi bua linalolibeba. Pima bua, pima shuke, piga picha futi kamba ikionekana. Haijachanua? Chungulia katikati ya majani, huenda bua kavu la zamani bado limesimama. Au tafuta palipopita moto karibuni, maana moto huzichochea kuchanua kwa wingi.

Usichanganye pia na Kingia, mmea unaofanana na Xanthorrhoea lakini hata siyo familia moja nazo. Ina vichwa vingi vidogo vya maua vilivyozunguka kilele, na majani yake yana vinyweleo laini vya rangi ya fedha.

Hakuna shuke? Andika "Xanthorrhoea" basi, pa spishi paache wazi, hata kiongozi wako akununie siku nzima.