Shati Lililochakaa Halijafa Lote

"Dada, nina viroba viwili vya nguo zilizochakaa. Mama mkwe anasema nizichome, mume anasema nitupe, mimi roho inaniuma. Wewe za kwako unazifanyia nini?"

Ujumbe huu umenijia wiki iliyopita kutoka kwa msomaji wa Morogoro. Ningeweza kumjibu pembeni yakaisha, lakini nimeona nimjibie hapa ili na wengine mfaidi. Ila mtanivumilia. Siwezi kujibu swali hilo bila kueleza nilikotoka.

Mimi sikuanza kushona nguo kuukuu kwa kupenda sanaa. Nilianza kwa kukosa hela. Kazi ya duka niliyokuwa nayo ilikuwa imeisha, mtoto anaingia darasa la kwanza, na bei za mabegi ya shule Kariakoo ikifika Januari mnazijua wenyewe. Nyumbani palikuwa na cherehani ya kukanyaga aliyoniachia mama, na jinzi ya baba watoto iliyopasuka mapajani. Nikaikata miguu yote miwili chini ya magoti, nikaifumua mishono, nikaunganisha. Mfuko wa nyuma nikaubandika mbele uwe wa kuwekea penseli. Mikanda ya kubebea nikaitoa kwenye kiuno cha suruali hiyo hiyo. Begi likatoka, tena gumu kwelikweli. Nililipiga na picha.

Siku ya kwanza mtoto alirudi amelifunika kwa sweta. Wenzake walimwambia amebeba suruali ya baba yake. Na haikuishia kwa watoto. Kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp, mama mmoja akaandika kwamba kama kuna mzazi amekwama aseme tu tumchangie, tusiwaaibishe watoto shuleni, akamalizia na vile vikatuni vya kucheka. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Usiku ule nilijitoa kwenye kikundi, asubuhi mwenyekiti akanirudisha, na sikuandika neno. Nililia bafuni, maji nimeyafungulia ili watoto wasisikie.

Begi lile lilimaliza darasa la kwanza, la pili, na la tatu. Ya dukani ya wenzake yalikuwa yanakatika mikanda kabla ya likizo ya Juni. Nasema hivi si kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Kisha ikaja Juni 1, 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Mnakumbuka watu walivyokuwa wakibeba nyanya kwenye ncha ya kanga? Ile mifuko mbadala iliyoletwa, ukitia viazi na nazi mbili inaachia kwenye mkono. Mimi nilikuwa nakwenda sokoni na mfuko wangu wa jinzi. Muuza nazi akauulizia, nikamshonea. Shoga yake naye akautaka. Sikuwa na mtaji wa kununua kitambaa, nilichokuwa nacho ni majirani wenye suruali zilizotoboka, wakawa wananiletea bure na kunishukuru kwa kuwapunguzia mzigo kabatini.

Mwezi uliopita mama lishe mmoja wa huku kwetu Temeke aliniagiza aproni za jinzi kwa wasaidizi wake wote, na nusu ya hela akanipa kabla sijashika mkasi. Nikaweka picha. Mnajua nani alinipigia simu? Huyo huyo mama wa kwenye kikundi. Anataka foronya za mito ya sofa. Nimempa bei kamili, bila punguzo.

Sasa mdogo wangu wa Morogoro, tuje kwenye viroba vyako.

Nguo haifi yote kwa mara moja. Shati huanza kufa kwenye kola na makwapani. Suruali hufia mapajani na makalioni. Tisheti hulegea shingoni. Shuka huisha katikati, pale miili inapolala. Kwingine kote kitambaa bado kina nguvu, na nyuma ya mguu wa suruali, kuanzia chini ya goti mpaka kwenye pindo, mara nyingi kipo kama kilivyotoka dukani. Kwa hiyo usianze na mkasi. Inua nguo juani, itazame. Panapopitisha mwanga usipashone, patakuchanikia tu. Panapozuia mwanga ndipo pa kukata.

Kisha jua ni kitambaa cha namna gani. Ng'oa nyuzi chache, zishike kwa koleo, uziwashe juu ya sahani ya bati, mbali na mwili. Pamba huungua na kunuka karatasi, ikaacha majivu mepesi. Poliesta hujikunja, huyeyuka, halafu huganda kijidonge kigumu. Msione kama mchezo wa watoto. Vishikio vya sufuria vikishonwa kwa poliesta, siku vikigusa moto vinayeyukia kwenye vidole vyako. Hata kwa deki poliesta haifai, inasukuma maji huku na huku bila kuyanyonya. Vishikio shona kwa jinzi ya pamba nje na taulo kuukuu ndani, tabaka mbili. Na kwa jinzi tia sindano namba 16, hiyo unayoshonea magauni itakatika.

Ninaloringia mimi ni foronya ya shati. Chukua shati la mwanaume lenye vifungo, vifunge vyote isipokuwa viwili vya katikati, uligeuze ndani nje. Kata mraba kuanzia chini ya makwapa hadi karibu na pindo, mbele na nyuma kwa pamoja, uzishike kwa pini zisikimbie. Shona pande zote nne. Pitisha mkono kwenye ile nafasi ya vifungo viwili, geuza. Foronya imekamilika na ina vifungo vyake, huna haja ya kununua zipu wala kuhangaika na matundu ya vifungo, kazi inayowatoa jasho hata mafundi wenye fremu zao. Hizo ndizo anazozitaka yule mama.

Shuka lichane katikati kwa urefu. Zile kingo ambazo hazijachakaa zilete pamoja uziunganishe ziwe katikati, palipochoka pahamie pembeni, halafu pinda. Mshono ulaze bapa usikukere usiku. Tisheti za pamba nazikata chini ya makwapa, nachana vipande vya upana wa vidole viwili, navivuta vijikunje, kisha nasuka mikeka ya mlangoni. Taulo ni la deki, hilo halina maelezo.

Kanga kuukuu ndiyo ninayowaomba msiikate ovyo. Kila aliyejifungua anajua, unaambiwa uende na kanga zako. Wengi wetu tunakimbilia doti mpya, ionekane tumejiandaa, na ile mpya ina dawa yake ya kiwandani, hainyonyi maji mpaka ifuliwe mara kadhaa. Kanga iliyofuliwa miaka na miaka ndiyo laini kwa ngozi ya mtoto mchanga, ndiyo inayokauka haraka, ndiyo nepi. Kama una wifi au binti mjamzito, fua kanga zako vizuri, anika juani, piga pasi pande zote mbili, mpelekee. Watakaocheka acha wacheke, usiku mtoto akilowana watakuja kuazima.

Na hapa niseme ukweli, mkinichukia basi. Tunaamka alfajiri kwenda soko la Karume kuwahi balo la mitumba likifunguliwa. Tunagombania shati alilolichoka mtu wa Ulaya, tunalifua, tunalipiga pasi, tunaringa nalo kanisani na msikitini. Sioni ubaya, na mimi nimo. Lakini shati letu wenyewe likitoboka kwapani, ghafla kuligusa ni umaskini! Kitambaa ni kile kile. Kinachotusumbua ni macho ya majirani. Dada zangu, macho ya majirani hayajawahi kumlipia mtu ada. Mkiendelea kuogopa vikatuni vya WhatsApp mtatupa suruali, kisha mtoe hela mkanunue mfuko wa kwendea sokoni, utakatika, mnunue mwingine. Inua nguo juani, nimesema. Tazama panapozuia mwanga. Kata.

Vifungo na zipu vitoe kabla, kwa wembe, kwa taratibu, uvitie kwenye kopo. Nguo za ndani mimi sizishonei kitu, hizo tupa.

Vinavyobaki kabisa, vile vipande ambavyo havitoshi hata kushonea mfuko, jazia mto. Kata vidogo, visizidi upana wa vidole viwili, la sivyo mto utakuwa na mabonge shingoni. Utakuwa mzito kuliko wa sufi, kwa hiyo ufanye mdogo, wa kuegemea sebuleni au wa kukalia kwenye kigoda. Upande mmoja ushone kwa mkono, mishono mirefu, ili siku ya kufua uufumue, utoe vya ndani, uvifue, uvianike kwenye mkeka. Viache juani mpaka vikauke kabisa, hata kama ni siku ya pili. Ukivirudisha na unyevunyevu, harufu yake utaisikia kabla hujafungua mlango.